Ofisi ya nyumbani hatua kwa hatua: pima mwili wako kabla hujanunua meza

Meza yangu ya kwanza ya kufanyia kazi nyumbani ilikuwa nzuri kweli: mbao nzito, rangi ya kahawia iliyoiva, droo tatu za kufunga kwa ufunguo. Kimo chake kilikuwa sentimita 79. Kwa miezi kama mitano niliamka na bega la kulia lililokaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikameza dawa, nikabadilisha mto, nikalaumu godoro. Siku moja fundi seremala aliyekuja kurekebisha mlango alinitazama nikichapa, akauliza, "Mbona umepandisha mabega kama mtu anayesikia baridi?" Akapima meza, akapima kiwiko changu nikiwa nimekaa, kisha akakata miguu ya meza sentimita saba. Haikupita hata wiki tatu nikawa nimesahau kama bega liliwahi kuuma.

Kazi yangu ni uhariri, saa saba au nane kwa siku mbele ya skrini. Nimehama mara nne tangu wakati huo, na marafiki kadhaa wameniita niwapangie ofisi zao. Kila mara naanza na tepu ya kupimia. Dukani ni baadaye sana. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta pembe, si lazima chumba

Chumba kizima ni neema, lakini pembe iliyochaguliwa vizuri inatosha. Meza ya upana wa sentimita 120 na kina cha 70 inahitaji nyuma yake nafasi ya sentimita 90 hadi 100 ili kiti kirudi na mtu ainuke bila kujibana. Chora eneo lote hilo sakafuni kwa utepe wa gundi, liache siku mbili. Kama wenzako wa nyumbani wanalikanyaga kila wakienda jikoni, hiyo ni njia, si ofisi.

Kisha kaa hapo na stuli, saa zile zile utakazofanya kazi. Sikiliza: pampu ya maji, televisheni ya jirani, mlango unaobamizwa. Pima kasi ya intaneti kwa simu ukiwa pale pale, wala usisimame sebuleni. Hesabu soketi. Ikiwezekana usiupe mlango mgongo. Kila anayepita atakushtua, na kazi inayohitaji utulivu haipendi mtu wa kugeuka geuka.

Hatua ya 2: Dirisha liwe ubavuni

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana meza inayotazama dirisha inapendeza sana pichani. Ukilitazama dirisha, macho yanahangaika kati ya mwanga mkali wa nje na skrini iliyofifia. Ukilipa mgongo, mwanga unapiga kwenye kioo cha skrini, na kwenye mkutano wa video unaonekana kivuli tu chenye masikio. Ubavuni ndiko kwenyewe. Kama unaandika kwa mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto, ili mkono usijitilie kivuli. Wa mashoto ageuze.

Jaribio: zima skrini, kaa mahali pako, tazama kile kioo cheusi. Chochote unachokiona humo, iwe dirisha, balbu au ukuta mweupe unaong'aa, ndicho utakachopigana nacho kutwa. Sogeza meza, au geuza skrini kidogo, mpaka kioo kibaki cheusi. Rudia asubuhi na alasiri kwa sababu jua halikai mahali pamoja. Pazia jepesi linamaliza sehemu iliyobaki.

Usiku ni jambo jingine. Kiwango cha Ulaya cha taa za maofisini ni laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) kwenye meza kwa kazi za kusoma na kuchapa, na programu ya simu inaweza kukukadiria. Balbu moja ya LED ya wati 10, yenye lumeni kama 800 (wingi wa mwanga unaotoka kwenye balbu), ikining'inia katikati ya dari huku umeipa mgongo, haifiki huko. Zaidi itakutupia kivuli chako mwenyewe kwenye karatasi. Ongeza taa ya mezani yenye shingo ya kukunjika. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: kwa mchana napenda 4000. Jioni nashuka kwenye 2700, ule wa manjano, macho yajue kazi inaelekea kuisha.

Hatua ya 3: Kiti

Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu kizuri, kiwe kiti. Ubao wowote uliolala sawa unaweza kuwa meza, lakini si kila kitu cha kukalia ni kiti.

Kikague hivi. Kaa mpaka mgongo uguse nyuma, halafu pitisha vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti: vipite viwili au vitatu. Visipopita, kikalio ni kirefu mno kwa mapaja yako, utaishia kukaa ukingoni na kile kiegemeo ulichokilipia hutakigusa. Kiegemeo kikusukume usawa wa mkanda, pale mgongo unapopinda kuingia ndani, si kwenye mabega. Mikono ya kiti ipite chini ya meza. Ikigonga meza, utakaa mbali na kibodi. Miguu ya kiti cha kuzunguka iwe mitano, kwa sababu ya minne inapinduka kirahisi.

Cha mtumba hakina aibu. Kiti cha ofisi kilichotumika lakini kikatengenezwa vizuri nakipendelea kuliko kipya chenye sura ya gari la mashindano. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kipandishe juu kabisa, kikalie dakika tano ukizungumza na muuzaji. Kama mwisho wa mazungumzo uko chini kuliko ulivyoanza, silinda ya gesi imekwisha.

Na kama kwa sasa una kiti cha mezani tu, kunja taulo liwe mviringo, liweke usawa wa mkanda. Nimehariri kitabu kizima nikiegemea taulo.

Hatua ya 4: Meza

Kaa kwenye kiti, nyayo zote chini, mabega yameanguka, viwiko vimekunjwa kama herufi L. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako, au pungufu kwa sentimita moja au mbili. Meza nyingi za dukani ni sentimita 72 hadi 75, zinazowafaa warefu kuliko wafupi.

Meza ikikuzidi kimo na haikatiki, usipandishe mabega; pandisha kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza, kisha tafuta kiegesho cha miguu, hata kasha gumu la mbao. Mfuatano ni huo: viwiko kwanza, miguu baadaye. Wengi hufanya kinyume, wanashusha kiti ili miguu ifike chini, na mabega yanalipa.

Kina kisipungue sentimita 70 kama utaweka skrini kubwa, vinginevyo itakukaribia usoni. Angalia pia droo ya katikati: ikigusa mapaja, ing'oe.

Kuhusu meza za kupanda na kushuka, watu wanaziongelea kama uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1964 kampuni ya Herman Miller ilitoa samani ziitwazo Action Office, zilizotokana na utafiti wa Robert Propst, zikiwa na dawati la kufanyia kazi umesimama. Hazikuuzika. Toleo lililofuata, la mwaka 1968, ndilo lililokuja kuzaa vile vibanda vya ofisini ambavyo kila mtu anavichukia. Ukiwa na uwezo nunua meza ya kupanda na kushuka. Mimi sina, nasimama kila ninapopokea simu, na maji ya kunywa nayaweka chumba kingine makusudi.

Hatua ya 5: Skrini, kibodi na kipanya

Laptopu ina kasoro ya kuzaliwa: skrini na kibodi vimeungana. Ukiweka mikono sawa, shingo inainama. Ukiinua skrini, mikono inaning'inia. Kwa saa moja si neno. Kwa siku nzima iinue juu ya vitabu au kisimamio, uchomeke kibodi na kipanya vya pembeni. Ni ununuzi mdogo unaoleta nafuu kubwa kuliko yote katika orodha hii, ukiacha kiti.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Umbali ni mkono ulionyooka: ncha za vidole ziguse kioo. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, aishushe skrini zaidi, la sivyo atasoma akiwa ameinua kidevu, na shingo itamlilia jioni. Nami nilichelewa kulijua hilo.

Kwa monita ya nje, inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha kazi nyingi. Ukienda inchi 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440, maana kwa pikseli zile zile herufi zinaonekana za kukwaruza. Kipanya kikae jirani kabisa na kibodi. Kibodi yenye safu ya tarakimu upande wa kulia inakisukuma mbali, na mkono unabaki umenyooshwa kutwa. Kama huna hesabu nyingi za kuingiza, chukua kibodi fupi.

Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Hapo ndipo dirisha la ubavuni linapolipa.

Hatua ya 6: Umeme na intaneti

Umeme ukikatika, laptopu ina betri yake. Kinachokufa ni ruta, kile kisanduku cha intaneti, na mkutano unakwenda nayo. Soma maandishi ya adapta yake: volti 12 na ampea 1 maana yake wati 12 kwa kiwango cha juu kabisa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Mimi huhesabu nusu tu, kwa hiyo saa tatu na nusu hivi. Kifaa kidogo cha akiba cha ruta peke yake kinafanya kazi hiyo kimya kimya.

Wa kompyuta ya mezani anahitaji UPS halisi, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, na hapa soma vizuri: 600VA (volti-ampea) si wati 600. Nyingi za ukubwa huo hubeba wati kama 360. Printa ya leza usiichomeke humo, kwani inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Ekstensheni usizichomeke moja ndani ya nyingine, na ile ya ofisini isibebe birika la umeme wala pasi.

Kama ruta iko mbali, vuta waya wa mtandao. Unafika mita 100 bila taabu. Wasioweza wajue kwamba Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi lakini inaogopa kuta, na ya 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole. Ruta ikae juu na peupe. Ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, ni kuitesa.

Hatua ya 7: Sauti na kamera

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa chuma ukifuata, wenzako nao watausikia. Zulia, pazia zito na rafu ya vitabu vinaumeza. Hedifoni za bei ya chini zenye maiki karibu na mdomo hushinda maiki ya laptopu iliyo mbali. Kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele au ubavuni. Basi, mengine ni mapambo.

Hatua ya 8: Nyaya na nakala

Funga ekstensheni chini ya meza kwa skrubu, nyaya zisilale sakafuni; siku ya kudeki utanikumbuka. Mafaili ya kazi yawe na nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya nyumba. Mwizi akichukua laptopu atachukua na diski iliyo pembeni yake.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kusikiliza maumivu

Usikaze chochote kabisa, wala usitoboe ukuta, kabla ya wiki mbili. Weka karatasi mezani, kila jioni andika panapouma.

Bega la mkono wa kipanya: kiko mbali, au meza iko juu. Shingo kwa nyuma: skrini iko chini. Shingo huku kidevu kikiwa juu: skrini imezidi kimo, au ni miwani. Kiuno: umehama kwenye kiegemeo, angalia vile vidole vya nyuma ya goti. Ganzi mapajani: kiti kiko juu na miguu haina pa kukanyaga. Vifundo vya mikono: kunja ile miguu midogo ya chini ya kibodi, kibodi ilale. Macho kuwasha jioni: rudi kwenye jaribio la kioo cheusi, safari hii taa zikiwa zimewashwa.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, uache siku mbili ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kipi kilichokuponya. Maumivu au ganzi vikiendelea baada ya hapo, nenda kwa daktari.