Namna ya kuonyesha batoto vita ya Baroma ku uwanja, hapa Goma

Kama unafundisha histoire na tablo haisaidii, toka nabo inje. Batoto 30, kartoni za ngao, filimbi. Hastati (basoda bachanga, ba kuanza vita) 12 mbele, principes (benye kuzoea vita) 12 katikati, triarii (bakubwa ba kuzoea sana, ba mwisho) 6 nyuma, goti moja chini, bangoje (kwa Baroma kikundi kimoja kilikuwa batu 120, cha triarii 60). Kila mustari ukate vikundi bitatu.

Sasa hapa njo bengi banakosea: usijaze mustari! Acha nafasi kati ya vikundi, na kikundi cha nyuma kisimame kuangalia ile nafasi, kama mchezo wa dama, juu hastati bakichoka barudi kupitia mule bila kukanyagana na principes baingie.

Wakijua, badilisha: ku vita ya Zama (Afrika ya Kaskazini), mwaka 202 mbele ya Kristo, Scipio, mukubwa wa basoda ba Roma, alipanga vikundi moja nyuma ya ingine ili tembo za Hannibal, adui yake wa Carthage, zipite mu njia zenye kubaki wazi. Chagua tembo babili (bote batataka, jiandae).

Mikuki ni karatasi ya kukunja, fimbo hapana. Na kama uwanja uko na majiwe ya volkano, batembee tu, Baroma benyewe habakukuwa banakimbia tangu mbali.