Jinsi ya kulipata doa pofu la jicho lako kwa karatasi na kalamu

Nafundisha baiolojia sekondari, na tukifika mada ya milango ya fahamu naanza na jaribio hili. Wanafunzi wengi huamini kwamba jicho huona na ubongo hupokea tu. Hapa wanajionea kuwa sehemu ya kile wanachokiona haikutoka jichoni kabisa.

Andaa karatasi nyeupe, karatasi ya manjano, rula na kalamu ya wino mzito.

Hatua ya 1. Laza karatasi nyeupe kwa upana. Kushoto chora alama ya kujumlisha. Pima sentimita 8 kwenda kulia, chora duara la sentimita 1, ulijaze wino. Usikadirie nafasi hiyo. Ndiyo inayoamua karatasi ikae umbali gani na uso.

Hatua ya 2. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza. Shika karatasi kiasi cha sentimita 45 kutoka usoni, alama ikiwa mkabala na jicho la kulia. Itazame alama hiyo tu. Duara utaliona kwa pembeni, liache hukohuko. Hapa ndipo wengi hukwama, maana jicho huvutwa kulitafuta duara, na likishahama huna budi kuanza upya.

Hatua ya 3. Sogeza karatasi usoni polepole. Ikikaribia sentimita 30, duara linatoweka lote. Endelea kusogeza, litarudi. Kwa jicho la kushoto, geuza karatasi juu chini na urudie.

Seli zinazopokea mwanga zimetanda kwenye retina, nyuma ya jicho, lakini nyuzi zinazopeleka taarifa ubongoni hupita mbele yake. Ili zitoke, nyuzi hizo, kama milioni 1 kwa kila jicho, hukusanyika na kuitoboa retina mahali pamoja. Pale hakuna hata seli moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hili katika miaka ya 1660. Pweza hana doa hilo, kwa sababu nyuzi za jicho lake hupita nyuma ya retina.

Hatua ya 4. Walimu wengi huishia duara linapotoweka. Kwangu mimi, somo ndiyo kwanza limeanza. Rudia kwa karatasi ya manjano, kisha uliza: mahali pa duara mliona nini? Si shimo, wala si giza. Ni manjano. Sasa chora mstari mnene wa kulala kuanzia karibu na alama hadi ukingo wa kulia, ukiacha pengo la sentimita 1.5 ambalo katikati yake ni sentimita 8 kutoka kwenye alama. Pengo likiangukia doa pofu, mstari unaonekana mzima! Ubongo haukupata taarifa yoyote kutoka hapo. Umechukua za jirani ukajaza.

Hatua ya 5. Bandika karatasi nyeupe yenye alama ukutani, jicho likae sentimita 30 kutoka hapo. Mwenzako asogeze ncha nyeusi ya kalamu juu ya karatasi, nawe useme inapopotea na inaporudi, aweke nukta. Mkiziunganisha mtapata umbo la yai lililosimama, upana wake karibu sentimita 3. Angani, doa hilo lingefunika miezi mipevu kama 10 iliyopangwa mstari.

Kwa kawaida jicho moja hufidia doa la jingine. Ila ujazaji huohuo una hatari. Katika glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, neva ya jicho huharibika polepole, mara nyingi bila maumivu. Uoni wa pembeni unapungua huku ubongo ukiendelea kuziba mapengo, hivyo mgonjwa huchelewa kugundua, na uoni uliopotea haurudi. Jaribio hili halipimi glakoma. Ndiyo maana nawaagiza wanafunzi wawaambie wazee wao waliofikisha miaka 40, hasa wenye ndugu mwenye ugonjwa huo, waende kliniki ya macho wakapimwe hata kama wanaona vizuri.