Kipoza cha prosesa kwa kasha dogo: anza na njiti ya mshikaki

Kwenye steshenari yangu hapa Kirumba, Mwanza, meza moja inabeba mashine ya fotokopi, printa ya picha za pasipoti na viwiko vyangu. Kompyuta ilibakiziwa nafasi ya daftari la madeni, ndiyo maana nikaiunganisha kwenye kasha dogo, lile wengi tunaloita kesi (siyo ya mahakamani). Madabodi, ile bodi kuu, ni ya saizi ya mini-ITX, yaani milimita 170 kwa 170, na prosesa, ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600G. Kilichonitoa jasho ni kipoza, yaani feni na mapezi yake yanayokaa juu ya prosesa kuipunguzia joto.

Prosesa hiyo huuzwa na kipoza chake ndani ya boksi, Wraith Stealth, chenye kimo cha milimita 54. Kasha langu lina milimita 48 tu. Hapo hakuna mjadala. Nikampa mdogo wangu akafunge kwenye kompyuta yake kubwa.

Kimo ndiyo mwanzo wa yote, na usikitafute kwenye tangazo la muuzaji. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, toa kipoza kilichopo, futa pesti ya zamani (ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza), kisha rudisha mfuniko. Chukua njiti ya mshikaki, ipenyeze taratibu kwenye tundu la mfuniko mpaka iguse mgongo wa prosesa. Weka alama ya kalamu pale inapochomoza, itoe, pima kwa rula, halafu punguza unene wa bati la mfuniko. Namba inayobaki ndiyo yako.

Mimi nilipima hivyo hivyo, nikapata 48, nikaagiza Thermalright AXP90-X47 yenye kimo cha milimita 47. Ikaja na basi kutoka Dar, nikaifuata stendi ya Nyegezi kwa bodaboda. Nikafunga, nikabonyeza mfuniko, nikawasha. Feni ikalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kumbe siku zile nikisubiri mzigo, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, walikuwa wamejaa dukani wakifuata taa, nami nikabandika neti ndani ya mfuniko. Neti na gundi yake: milimita mbili. Hesabu yangu ya njiti ikawa imekufa, na wa kumlaumu hayupo.

Nilihamishia neti nje na kuishika kwa vipande vya sumaku, maana mfuniko ni wa chuma. Ikawa afadhali kuliko mwanzo, kwa sababu sasa naibandua bila kushika bisibisi. Kama kasha lako ni la alumini, sumaku haitashika. Hapo nenda kwenye kipoza kifupi zaidi kama Noctua NH-L9a, milimita 37, na neti ibaki ndani.

Lakini ukichukua kifupi, usiache pengo kubwa kati ya feni na mfuniko. Vipoza hivi hupuliza kuelekea madabodi. Hewa ya moto ikigonga chini hurudi juu pembeni, na feni ikikuta pengo inaivuta tena hewa ile ile. Kata pete ya sponji, izunguke ukingo wa feni na ifike kwenye matundu ya mfuniko, ili feni ivute hewa ya nje peke yake.

Kuhusu joto, kipoza hakigeuki friji. Kikiiacha prosesa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, basi chumba cha nyuzi 30 chini ya bati kitakupa 80. Tena Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kuliko hewa ya huko chini. Tofauti si ya kukunyima usingizi. Ikizidi, 5600G ya wati 65 inaweza kushushwa hadi 45 kwenye BIOS (ile mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka), na kwa kazi ya fotokopi na vyeti vya harusi huoni tofauti.

Hakikisha kipoza kinaendana na soketi yako, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi (hata za Intel hazifanani: matundu ya skrubu kwenye LGA1700 yameachana kwa milimita tatu zaidi kuliko kwenye LGA1200), na RAM, zile kadi za kumbukumbu, zisiwe na mapembe ya urembo yatakayogusana na kipoza. Vipoza vya maji sivitaki kwenye kasha la aina hii.

Pesti, punje moja ya choroko katikati inatosha. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Halafu ipe kazi nzito, mimi niliipa video ya kipaimara ya dakika arobaini, huku ukiangalia joto. Yangu iligota nyuzi 82. Mwisho wake ni 95; ikifika huko inapunguza mwendo yenyewe.

Mapezi ya alumini nayasugua kwa mswaki mkavu kila mwezi, nikishika feni isizunguke. Neti naifua Jumamosi jioni, na wadudu wakiwa wengi naifua na Jumatano.