Namna ya kukagua miguu ya punda kabla ya kumnunua kwa kazi

Mnunuzi anayekwenda mnadani Handeni kutafuta punda wa kuchotea maji kwa kawaida hutazama kwanza meno, mgongo na bei, na miguu huitupia jicho mwishoni, dalali akiwa ameshaanza kudai jibu. Ingefaa aanze na miguu. Mgongo uliochubuka hupona na unene hurudi malisho yakistawi baada ya masika, lakini mfupa wa punda aliyekomaa ukiwa umepinda haunyooki tena. Punda mwenye miguu iliyonyooka kabisa ni adimu, kwa hiyo jambo la kupima ni kama kasoro aliyonayo itamzuia kufanya kazi ile unayomnunulia.

Amua kazi hiyo kabla hujaondoka nyumbani. Punda akiwa amesimama, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake huwa kwenye miguu ya mbele, hivyo yule wa kubebeshwa madumu mgongoni anahitaji magoti na vifundo vya mbele vilivyo imara. Punda wa mkokoteni husukuma mwili kwa miguu ya nyuma, na miguu hiyohiyo ndiyo hupata shida kwenye miteremko, kwa sababu mikokoteni yetu mingi ya magurudumu mawili haina breki. Njia nazo zina mchango wake: mchanga mzito wa vijiji vya pwani huchosha kano, ilhali changarawe na lami hugonga viungo na kwato.

Msimamishe punda mahali tambarare penye ardhi ngumu, baada ya kutembezwa hatua chache ili asimame anavyopenda mwenyewe, kwa maana miguu iliyopangwa kwa mikono ya muuzaji huficha mengi. Kaa mbele yake na timazi ya fundi mwashi, au hata jiwe lililofungwa kwenye uzi. Uzi ukishushwa kutoka ncha ya bega, unapaswa kugawa katikati goti, muundi, kifundo na ukwato. Kwa nyuma, uzi huanzia kwenye ncha ya tako na kupita katikati ya goti la nyuma, yaani kile kiungo kikubwa kilichochongoka kuelekea nyuma.

Uzi ukikuonyesha upogo, usikimbilie kulaumu mfupa. Inua mguu utazame ukwato kwa chini, kwa kuwa ukwato usiochongwa miezi mingi hurefuka upande mmoja na kuufanya mguu ulio mzima uonekane umepinda, na kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kidogo kidogo na mtu anayejua kuchonga kwato. Ujue pia kwamba ukwato wa punda kwa maumbile ni mwembamba na umesimama zaidi kuliko wa farasi, kwa hiyo usihesabu hilo kuwa kasoro.

Mguu ambao ncha ya ukwato imeelekea nje huwa na tabia ya kurushwa kwa ndani punda anapotembea, na hapo ndipo ukwato mmoja hugonga mguu wa pili. Ushahidi hausubiri maelezo ya muuzaji: pitisha kidole upande wa ndani wa vifundo, na ukikuta manyoya yamekatika, kigaga au kovu gumu, fahamu kwamba anajigonga, na mzigo na uchovu vitamzidishia. Ncha iliyoelekea ndani hurusha mguu kwa nje, jambo lisilopendeza macho lakini lenye madhara machache zaidi kwa punda wa kwenda mwendo wa pole. Angalia vilevile upogo unaanzia wapi. Ukianzia begani, goti nalo litakuwa limegeuka, na kwa punda mchanga mwenye kifua chembamba hali hiyo huweza kupungua kadiri kifua kinavyotanuka. Ukianzia kwenye kifundo, chukulia kwamba utabaki hivyo.

Magoti ya mbele ndiyo ninayoyachunga kuliko kitu kingine. Yatazame kwa ubavuni. Goti lililobonyea nyuma hubana mifupa midogo iliyo mbele ya kiungo kila mguu unapotua na huvuta kano za nyuma ya muundi, na punda wa namna hiyo nisingemshauri mtu amnunue kwa kubeba mizigo, hata akiuzwa kwa bei ya mbuzi. Goti lililochomoza mbele kidogo huvumilika, isipokuwa likitetemeka punda anaposimama. Likiwa limekaa upande juu ya muundi badala ya katikati, papasa upande wa ndani chini yake: uvimbe mgumu, usio na joto wala maumivu, ni jeraha la zamani lililokwisha kutulia, lakini uvimbe wenye joto unaomfanya avute mguu ni habari ya sasa.

Kwa nyuma, magoti yaliyokaribiana kiasi ni jambo la kawaida kwa punda wala halimzuii kufanya kazi. Hofia zaidi mguu wa nyuma uliopinda kama mundu, ambao huvutika nyuma ya kiungo kila anapokokota mzigo kupanda mlima, na pia uliosimama wima kama nguzo, kwa kuwa haupunguzi mtikisiko na kilegesambwa chake, yaani kifupa kilicho mbele ya kiungo cha chini ya paja, huweza kunasa.

Sasa aende kwa hatua, kisha kwa mwendo wa haraka, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Mguu wa mbele unaouma ukigusa ardhi, kichwa huinuka. Ukitua ule mzima, kichwa hushuka. Maumivu ya mguu wa nyuma hutafutwa kwenye nyonga, ambapo upande mmoja hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Punda ni mnyama anayeficha maumivu, kwa hiyo hata kuchechemea kidogo kusipuuzwe. Ukiwa na shaka, kunja mguu wa mbele kwenye kifundo kwa muda wa dakika 1, uuachie, aondoke mbio papo hapo: hatua mbili tatu za kusitasita zinaweza kupita, lakini akiendelea kuchechemea muache, au umwite daktari wa mifugo kabla ya kulipa.

Umri hubadilisha hukumu yote. Punda wa miaka 10 mwenye matege kidogo, ambaye amekokota maji miaka mingi na bado viungo vyake ni vikavu, havina uvimbe, na hatua zake ni sawa, amekwisha kufaulu mtihani ambao punda wa miaka 2 mwenye miguu mizuri bado hajaufanya, na mimi ningemchukua huyo mkubwa. Ukimchukua mdogo, asitwishwe mzigo kamili kabla hajafikisha miaka 4. Na yeyote utakayemchagua akiwa na kasoro, mpunguzie madumu, na kwato zake zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 10, bila kumlazimisha mchongaji aunyooshe mguu kwa kisu, kwa maana kukata upande mmoja kupita kiasi kwa punda aliyekomaa huhamishia tu maumivu kwenye kiungo cha juu.