Kuipa picha mwendo kwa vifremu: anza na mwisho

Picha ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Zanzibar lenye mnara wa saa, iliyopigwa kabla ya Desemba 2020, sehemu kubwa ya jengo ilipokuwa haijaanguka, ni mali. Mteja wa Mji Mkongwe akikuletea picha kama hiyo uiingize kwenye video ya familia, usiiache imeganda kwenye skrini, wala usiirusherushe. Ipande taratibu, kutoka mlangoni hadi mnarani.

Natumia DaVinci Resolve, toleo la bure. Programu nyingine zina vitufe vyake, lakini alama ya almasi ya kuwekea kifremu utaikuta karibu kote. Kifremu (kwa Kiingereza keyframe) kinaiambia programu: kwenye sekunde hii, picha ikae hapa. Weka viwili vyenye namba tofauti, na safari ya katikati programu itaijaza yenyewe.

Hatua ya 1. Kabla ya kuingiza chochote, weka mradi kwenye 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Idadi ya fremu ni tabu kuibadilisha kazi ikishaanza.

Hatua ya 2. Shusha picha kwenye taimulaini na uvute klipu ifike sekunde 7. Tuseme picha ina pikseli 6000 kwa 4000: itapunguzwa ienee kwa kimo, na pembeni utaona weusi.

Hatua ya 3. Fungua Inspector, paneli yenye namba za klipu, weka Zoom 1.5. Weusi unaondoka. Sasa picha ina kimo cha pikseli 1620 ndani ya dirisha la 1080, kwa hiyo una nafasi ya pikseli 270 kwenda juu na 270 kwenda chini. Ukizidisha hapo, ukingo mweusi utachungulia. Kuhusu ubora usihofu. Picha ya ukubwa huu inakuzwa hadi kama mara 3.7 kabla haijapoteza ukali.

Hatua ya 4. Nenda kwanza mwisho. Wengi huanza na mwanzo, kisha picha inaishia popote inapoishia: mnara umekatwa kichwa, au mbingu tupu. Mtazamaji anabaki na fremu ya mwisho, basi hiyo ndiyo uipange kwa makini zaidi. Peleka mstari wa kuchezea hadi sekunde ya 6, weka Position Y kwenye -250. Picha inashuka, mnara unaingia. Acha mbingu kidogo juu yake. Ukiridhika, bofya almasi iliyo pembeni ya Position.

Hatua ya 5. Rudi sekunde ya 1, weka Y kwenye 250. Sasa unaona ngazi, mlango na mizinga ya zamani mbele yake. Kifremu cha pili kimejiweka chenyewe. Pikseli 500 kwa sekunde 5 ni pikseli 4 kwa kila fremu, mwendo unaompa mtu nafasi ya kuziona roshani moja baada ya nyingine. Sekunde moja ya utulivu mwanzoni na moja mwishoni usizile.

Jihadhari hapa. Ukitaka kurekebisha namba, rukia kwanza juu ya kifremu chenyewe kwa vishale vilivyo kando ya almasi. Ukibadilisha namba ukiwa pembeni yake, hata kwa fremu moja, unazaa kifremu cha tatu, na picha itashtuka njiani. Ukiona mshtuko, usitafute sababu nyingine: hesabu almasi zako. Zinatakiwa mbili.

Hatua ya 6. Bofya kulia juu ya kila almasi na uchague Ease, ili picha iondoke polepole na kutua polepole. Bila hivyo inaanza kwa kishindo na kusimama ghafla.

Sauti nayo hufuata njia hiyo hiyo. Taarabu ikiwa inapigwa chini ya maneno ya mzee anayehadithia, weka vifremu vinne kwenye mstari wa sauti kwa kubofya huku umeshika Alt: viwili kabla hajaanza, viwili baada ya kumaliza. Vile viwili vya ndani vishushe mpaka usikie kila neno lake, herufi za mwisho pamoja. Hakikisha kwa spika ya simu, maana jamaa wengi watasikilizia huko.