Kabla Hujakata Ngozi: Ala ya Kisu Yenye Mahali pa Kijiti cha Moto

Ala ya kwanza niliyoshona ilidumu wiki mbili. Nilikuwa nimeunganisha pande mbili za ngozi bila kuweka kitu katikati, na kila nilipochomeka kisu makali yalipita juu ya uzi. Siku mshono ulipoachia nilikuwa nateremka mlima, na ncha ikatokeza usawa wa paja. Tangu hapo sikati ngozi kabla sijajiridhisha na mambo haya.

Anza na kisu, maana ndicho kitakachokwangua kijiti. Kijiti ninachosema ni kile cheusi cha metali cha kuwashia moto kwa cheche, mchanganyiko wa chuma na seriamu ambao Carl Auer von Welsbach wa Austria aliuwekea hataza mwaka 1903. Chembe zinazokwanguliwa hushika moto zenyewe zikikutana na hewa, na joto la cheche hukaribia nyuzi 3,000 za Selsiasi. Usitumie makali kukwangua, utayaua. Kazi hiyo ni ya mgongo wa kisu, na mgongo huo lazima uwe na pembe kali za mraba. Visu vingi vya dukani vimelainishwa mgongoni. Kwangua ukucha wako kwa mgongo wa kisu: usipopata unga, usitegemee cheche.

Mgongo ukihitaji tupa, upige tupa sasa, mbali na ngozi. Tanini, yaani dawa ya magome ya miti inayobaki kwenye ngozi iliyosindikwa, ikikutana na chuma palipo na unyevu hutoa rangi nyeusi, ileile iliyokuwa ikitengenezewa wino zamani. Unga kidogo wa chuma ukiangukia ngozi iliyolowa unaacha madoa ambayo hayatoki kirahisi. Futa meza, nawa mikono, kisha ndipo ulete ngozi.

Kwenye ngozi ndipo wengi wanapokosea. Ala ya sime ya Kimaasai hupata ugumu wake kwenye vipande vya mbao vilivyofunikwa na ngozi. Hii yetu haina mbao, kwa hiyo ngozi yenyewe ndiyo ibebe kila kitu. Tafuta iliyosindikwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 4. Magome ya miwati ni mazuri sana kwa usindikaji huu. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kule Njombe kwa ajili ya hayo hayo. Ngozi ya kromu, ile laini ya mikoba na makochi, haishiki umbo, na chumvi zinazobaki ndani yake zinaweza kutia kisu kutu. Muuzaji akikuhakikishia kwa maneno, wewe tazama ukingo uliokatwa: ya magome ni ya kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au bluu katikati. Kisha dondoshea tone la maji. Ya magome hulinywa na kuwa nyeusi kidogo.

Sasa mahali pa kijiti. Hapa usiharakishe, kwa sababu ukikosea huna pa kurekebisha. Kitanzi cha kijiti hushonwa kabla ala haijafungwa; ukishamaliza mshono mkubwa, sindano haiingii tena ndani. Tena kitanzi kikishonwa katikati ya uso wa ala, nyuzi zake zinabaki upande wa ndani, njiani mwa kisu. Mimi hukipeleka ukingoni: ncha za kitanzi zinabanwa pamoja na ukanda wa kinga, ule wa ngozi unaokaa katikati ya pande mbili ili makali yagonge ngozi badala ya uzi. Mshono mmoja unashika vyote. Chini ya kitanzi acha wazi maji yatoke, na mpini wa kijiti uwe mnene kuliko kitanzi ili kisipenye kikaanguka.

Yote hayo yaamue kwa boksi kabla ya ngozi. Kata patani, yaani kiolezo cha ala, kwenye boksi la biskuti, ibane kwa pini, ivae mkanda wa suruali, chuchumaa, keti, chomoa kisu, chomoa kijiti kwa mkono wa pili. Kama mpini wa kijiti unakuchoma ubavuni ukiinama, utajua hapo kwenye boksi. Kumbuka pia kwamba patani ikigeuzwa uso chini hukupa ala ya mtu wa mkono mwingine.

Vifaa si vingi. Msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili butu, uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki, kisu chembamba cha kukatia na rula ya chuma. Uzi uwe mara nne au tano ya urefu wa mshono, kwa kuwa sindano mbili hupishana katika kila tundu. Hata uzi ukikatika kwenye tundu moja, mshono uliobaki haufumuki kama unavyofumuka wa cherehani.

Weka tayari pia vitu vya kutengenezea umbo. Ngozi hulowekwa kisha hukandamizwa juu ya kisu kilichofungwa nailoni barabara. Kijiti chenyewe usikichomeke kwenye kitanzi kibichi, kinaoza kwa unyevu; tumia kijiti cha mbao au kishina cha keekee chenye kipenyo kilekile, nacho ukifunge nailoni.

Kukausha ni kivulini, penye hewa, siku moja hadi mbili. Ukiisogeza kwenye jiko au juani ngozi hujikunja na kuwa kavu kama papi, na hapo hata mafuta hayaisaidii. Baada ya kukauka ndipo inapakwa nta, nayo huachwa usiku mzima inywe. Kwa hiyo kama safari ni Jumamosi, ngozi iwe imelowekwa Jumanne.