Uzi Mwekundu Kwenye Kola: Namna ya Kujua Daraja la Légion d'honneur

Koti likiletwa mezani kwangu, kabla sijapima mikono wala kugeuza bitana, kidole gumba kinapita kwanza kwenye kola ya kushoto, pale penye tundu la kifungo. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nashona Paris. Napunguza, naongeza, naziba matundu, nabadilisha zipu. Kola ya kushoto niliipa nafasi ya kwanza tangu siku ile binti ninayemfundisha kazi, mtoto wa Bukavu, aliponiita akiwa na kiwembe mkononi: "Mama, kuna uzi mwekundu umetokeza hapa. Niukate?"

Nilimshika mkono. Ule haukuwa uzi uliofumuka. Ulikuwa nishani. Mwenye koti ni Chevalier, yaani wa daraja la kwanza la Légion d'honneur, nishani ya juu kabisa ya Ufaransa, na kwa kawaida raia hafiki hapo bila miaka 20 ya utumishi au kazi iliyotukuka. Tangu hapo kila anayekuja kujifunza kwangu anaanza na somo hili, na naliandika hapa kwa mafundi wenzangu, wahudumu wa hoteli na wapokea wageni ambao macho yao yanakutana na kola hizi kila siku.

Nishani hii iliundwa na Napoleon Bonaparte kwa sheria ya tarehe 19 Mei 1802, wakati huo akiwa Konsuli wa Kwanza, yaani kiongozi wa nchi, bado hajawa mfalme. Alitaka heshima moja kwa askari na raia, bila kuuliza mtu kazaliwa ukoo gani. Leo mkuu wake ni Rais wa Jamhuri ya Ufaransa. Ngazi ni tano: Chevalier, Officier, Commandeur, kisha Grand officier na Grand-croix. Tatu za mwanzo Wafaransa wanaziita madaraja, mbili za juu wanaziita hadhi. Kwa kawaida hakuna kuruka ngazi. Chevalier anasubiri angalau miaka 8 kabla ya kuwa Officier, Officier miaka 5 kabla ya kuwa Commandeur, halafu kila hatua ya juu ni miaka 3, na muda peke yake hautoshi, lazima aonyeshe jambo jipya alilofanya.

Anza na koti la kila siku, kwa sababu ndilo utakalokutana nalo zaidi. Sogeza taa. Ukiona utepe mwembamba mwekundu, mtupu, unaotoka kwenye tundu la kifungo hadi ukingoni mwa kola, huyo ni Chevalier. Ukiona duara dogo la kitambaa chekundu lililofumbatwa kama kifungo, hiyo ni rozeti, na huyo ni Officier au zaidi. Sasa tazama chini ya rozeti. Kama imekaa peke yake kwenye kola, ni Officier. Kama imelala juu ya kijitepe kinachotokeza pande mbili kama mabawa, angalia rangi ya mabawa hayo: yote ya fedha ni Commandeur, upande mmoja fedha na mwingine dhahabu ni Grand officier, yote ya dhahabu ni Grand-croix. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na chini ya taa ya njano fedha na dhahabu zinafanana. Libebe koti dirishani. Mimi hata jioni nasubiri hadi kesho asubuhi kuliko kukisia.

Rangi nayo usiibabaishe. Légion d'honneur ni nyekundu tupu, haina mstari. Buluu ni Ordre national du Mérite, nishani nyingine ya taifa, iliyoanzishwa na Rais Charles de Gaulle tarehe 3 Desemba 1963. Nayo ina ngazi tano zenye majina yale yale, na kola yake inasomwa vile vile. Zambarau ni Palmes académiques ya watu wa elimu. Kijani chenye kingo nyekundu ni Mérite agricole ya kilimo. Njano yenye kingo za kijani ni Médaille militaire ya wanajeshi.

Siku ya sherehe mambo ni mengine, kwani nishani yenyewe inatoka kwenye kijaluba chake. Ni nyota ya mikono mitano, kila mkono una ncha mbili, kwa hiyo hesabu ncha kumi, kila moja na kitone mwishoni. Mikono imepakwa enameli nyeupe, katikati yake kumezungukwa na majani ya mwaloni na laureli ya kijani, na juu inaning'inia kwenye shada la majani hayo hayo. Katikati kuna kichwa cha mwanamke, ndiye Jamhuri. Geuza nyuma utaona bendera mbili na maneno "Honneur et Patrie", yaani Heshima na Nchi.

Hapo jiulize inaning'inia wapi. Kifua cha kushoto, nyota ya fedha, utepe hauna rozeti: Chevalier. Hapo hapo kushoto, nyota ya rangi ya dhahabu, utepe una rozeti: Officier. Zote mbili zina kipenyo cha milimita 40, kwa hiyo ukubwa hautakusaidia. Ikining'inia shingoni, milimita 60, ni Commandeur.

Mtego uko kwa Grand officier, na nimeona wapokea wageni wazoefu wakinaswa. Yeye kifuani kushoto anavaa nyota ile ile ya Officier, na ukiishia hapo utamteremsha ngazi mbili. Hamisha macho upande wa kulia: kuna bamba kubwa la nyota, fedha tupu, milimita 90. Grand-croix bamba lake ni la rangi ya dhahabu na linakaa kushoto, na juu ya hilo anavaa mkanda mpana wa hariri nyekundu unaoshuka kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, nyota ikiwa chini yake. Kwa hiyo kulia fedha, kushoto dhahabu. Binti yangu wa Bukavu aliyakariri hayo huku akipiga pasi, na hajakosea tena. Anayevaa nishani kamili haweki tena uzi wala rozeti kwenye koti hilo hilo, basi ukiombwa kuandaa koti la sherehe, ondoa kile kidogo.

Kwa nyota za zamani, angalia katikati na juu. Ukikuta sura ya Napoleon au taji la kifalme badala ya shada la majani, umeshika kitu cha karne ya 19. Ukikuta tarakimu 1870, usimwambie mtu babu yake alitunukiwa mwaka huo. Huo ni mwaka wa kuzaliwa Jamhuri ya Tatu, na uliendelea kuwekwa kwenye nyota miongo mingi baadaye. Mwenye kutafuta jina la mzee wake aingie kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo Léonore, inayoorodhesha wanachama waliofariki kabla ya mwaka 1977. Na mwenye nafasi ya kutembea aende makumbusho ya nishani, ng'ambo ya barabara kutoka Musée d'Orsay. Kuingia ni bure.

Sasa kushona. Suti nyingi za dukani zina tundu la kola lililodariziwa tu, halikukatwa. Ukilazimisha rozeti utachana kitambaa. Weka kipande cha mbao chini, kata katikati kwa ncha ya kisu, imarisha kingo kwa uzi wa hariri wa rangi ya koti, ndipo upenyeze kikonyo cha rozeti. Kwa utepe wa Chevalier, pitisha ncha moja tunduni, uulaze bila kuuvuta hadi ukingo wa kola, ncha ya pili uikunje nyuma. Mishono mitatu midogo kila upande inatosha, sindano ichukue kitambaa cha nyuma peke yake ili mbele pasionekane kitu. Ukivuta sana kola itakunjamana, ukilegeza utepe utajikunja baada ya wiki.

Kabla koti halijaenda kufuliwa, utepe utoke. Mfuaji mmoja aliwahi kunirudishia koti la kijivu hafifu likiwa na doa la waridi pembeni mwa kola. Nililipa kola mpya, na mteja hakulalamika, lakini sura yake naikumbuka. Tangu siku hiyo utepe naufumua mwenyewe, nautia kwenye bahasha ndogo, naandika namba ya koti, bahasha naibana kwa pini kwenye daftari langu.

Lipo jambo moja ambalo wateja hulipokea kwa uchungu. Anayevaa nishani hii bila kutunukiwa anavunja sheria ya jinai, adhabu inafika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000. Nishani hairithiwi kwa kuvaliwa. Familia inaitunza nyumbani, lakini mjukuu haiweki kifuani. Kwa hiyo koti la marehemu likija kupunguzwa ili alivae mwingine, utepe lazima utoke, hata kama hakuna aliyekuomba.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, na koti la buluu nzito la mumewe. Nikamweleza habari ya utepe. Alinyamaza kidogo, akaniambia, basi fumua hapa mbele yangu. Nikavaa miwani, nikakata mishono mmoja mmoja, nikamwekea utepe kwenye kiganja. Pale ulipokuwa umelala miaka yote kitambaa hakikupauka. Ulibaki mstari mwembamba wa buluu iliyokolea kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Kijana akauliza kama mvuke wa pasi ungeweza kuufuta. Nikaanza kumwambia kwamba mvuke hauondoi kitu kama hicho, bibi akaweka mkono juu ya kola, akasema, "Usiguse hapo. Punguza mikono tu."